Mlimao wa kwenye chungu: mti safi, maelezo sifuri

Nyota tatu kwa tano, na hiyo ya tatu nimetoa kwa huruma.

Mwezi wa nne nilihamishiwa kazi Kabale, nikapita kwa wauza miche fulani wa Kampala (siwataji) nikachukua mlimao wa kubebesha (yaani kikonyo cha mlimao kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine), elfu themanini pamoja na chungu cha plastiki, tena una maua tayari. Nikawaambia kabisa jamani huu unaenda Kabale, kule baridi, utakaa ndani. Jamaa akasema hamna shida bosi, wewe mwagilia kila asubuhi basi. Kwenye basi kondakta akanitoza elfu kumi za mzigo, na bado nikaupakata mpaka Mbarara.

Mti wenyewe siusemi vibaya. Ni wa kubebesha kweli, kovu lake unaliona vidole vinne juu ya udongo, na jamaa alinionyesha kwamba chochote kinachochipua chini ya kovu nikate, kile ni cha mti wa chini wenye miiba na kikiachwa kinamtawala mwenzake. Hapo asante kaka.

Balaa likaanza mwezi wa sita. Kabale mwezi huo usiku inashuka mpaka digrii 10 hivi, asubuhi ukungu, na mimi namwaga jagi zima kila siku kama nilivyoambiwa. Majani yakaanza kudondoka bado ya kijani, hayajanyauka wala nini, ukiligusa tu puu. Nikaona ni baridi, nikausogeza karibu na sigiri, ndo nikazidi kuuharibu.

Aliyeniokoa ni dada yangu aliyeko Uingereza, huko milimao ya chungu wanaiingiza ndani baridi ikianza na kuitoa baridi ikiisha, akanitumia voisi ya dakika sita, nusu matusi nusu mafundisho. Kumbe mizizi ya mlimao ikipoa chini ya digrii 12 au 13 hivi inalala, haivuti maji, na huku majani yapo dirishani yanapigwa jua la mchana yanataka maji, yakikosa yanadondoka. Na mimi chungu nimekiweka juu ya sakafu ya sementi! Akaniambia niwe nakiinua kupima uzito kabla ya kumwagilia. Kukiinua ndo naona chini hakina tundu. Hata moja! Nikapasha msumari kwenye makaa nikatoboa matano, yakatoka maji meusi yananuka kama mtaro wa sokoni.

Nikawapigia simu. Mara ya kwanza ikakatwa, mara ya pili jamaa ananiambia niulete auone. Kutoka Kabale, kilomita 400 na kitu, na mti mapajani tena?

Sasa hivi uko juu ya stuli, nachomeka kidole kwanza, udongo ukikauka mpaka kiungo cha pili ndo napeleka maji ya uvuguvugu, wakati wa baridi hata wiki mbili zinapita sijaugusa. Wadudu gamba walikuja kidogo, wanaacha utomvu unaonata kwenye majani, nawapangusa kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Mwezi wa tisa umetoa majani mapya na vilimao viwili, ukubwa wa punje ya mahindi.

Ukienda kwa wauza miche nunua mti bila wasiwasi, ila chungu kigeuze chini juu kabla hujatoa pesa.