Masta ya fainansi kwa utafiti hapa Kisumu, maoni yangu
Wale mnauliza kuhusu masta ya fainansi ya utafiti, mimi nimeisomea hapa Kisumu na nimeipenda sana, ila si ya mtu anayetaka kupewa noti akariri. Tisisi, yaani ule utafiti mrefu unaouandika mwenyewe, ndio kila kitu. Mada yangu ilikuwa mikopo isiyolipwa kwenye sacco za huku Nyanza na supavaiza wangu alikuwa moto, anasoma mpaka tanbihi, anakuuliza hii regreshen, ile hesabu ya kupima uhusiano wa vitu, umeifanya kwa nini na kama huna jibu unarudi kwa Stata, programu ya takwimu, usiku huo huo. Hapo ndio nilijua kazi.

Kibaya ni ofisi. Proposo, yaani mpango wa utafiti wako, inakaa kwa meza ya mtu mpaka uende usimame mlangoni, na inauma sana ukiwa umeshalipa fii.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, ombeni mapema jamani, bila hicho huruhusiwi kukusanya data, na sacco zitakuuliza barua kabla wakufungulie vitabu. Ukitaka data rahisi chukua kampuni za NSE, soko la hisa la Nairobi, ripoti zao za mwaka ziko wazi kwa kila mtu. Kama ni promosheni tu ya benki unatafuta, MBA inakutosha. Lakini kama unawazia PhD ama kufundisha, hii ndio yenyewe.