TAHADHARI: Wabongo na Wakenya mlioko UK, kuna mtu anatuuzia tenti feki za kulimia ndani

Jamani habari zenu, shikamooni wakubwa. Naomba hii isomwe mpaka mwisho maana baridi ndo inaanza na huyu mtu ameshaanza kupost tena kwenye magroup yetu ya WhatsApp. Anauza "seti kamili" ya kulimia ndani, tenti ya sentimita 120 kwa 120 urefu mita 2, feni, filta ya mkaa, taa ya LED na taima, pauni 220, anakuambia utavuna choya (rozela), mchicha na pilipili mbuzi mwaka mzima hata kama unakaa flati ghorofa ya tano. Jina sitaweka hapa, lakini ukishajua mzigo wake ukoje utamtambua mwenyewe.

Wifi yangu alinunua kwa ajili ya choya na mimi ndo nilienda kumfungia, nina tenti yangu ya siku nyingi kwa hiyo nilijua nini cha kuangalia. Nilichokikuta kimeniuma sana kwa sababu yule mama hela yake ni ya shifti za usiku za kuhudumia wazee.

Nianze na mwanga maana hapo ndo wengi hawaelewi wametapeliwa vipi. Choya ni mmea wa siku fupi, hautoi maua mpaka upate giza refu, masaa 12 mpaka 13 hivi, na giza lenyewe lisikatizwe. Kwetu Dodoma haina shida, usiku ni masaa 12 mwaka mzima karibu. Hapa London mwezi wa sita jua linakaa juu zaidi ya masaa 16, kwa hiyo ukipanda nje unapata majani tu mpaka Septemba, afu baridi inakuja inaua kila kitu kabla hujachuma hata kikombe. Ndo maana mtu ananunua tenti, taa ziwake saa 1 asubuhi zizime saa 1 jioni na ndani kuwe giza totoro. Sasa tenti ikivuja mwanga wa sebuleni usiku, hata kidogo tu, hii mimea ya siku fupi inaweza kuhesabu kama usiku umekatika, inaendelea kuota majani na wewe unangoja maua ambayo hayaji, unadhani mbegu ndo mbovu.

Tenti ya huyu bwana niliingia ndani mchana, nikamwambia wifi afunge zipu na awashe taa zote za chumbani, nikakaa dakika kadhaa macho yazoee. Mshono wote wa pembeni unapenya mwanga kama chujio la chai, kila tundu la sindano unaliona. Zipu haina ule ukanda wa kitambaa cheusi wa kuifunika kwa ndani, kwa hiyo kuna mstari mzima wa mwanga kutoka juu mpaka chini. Kwenye tangazo ameandika kitambaa ni 600D, yaani cha nyuzi nene, ila hiki ukikishika ni chepesi mno na ukikinyoosha mbele ya taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Matundu machache unaweza kuziba kwa gundi tepu nyeusi, na vitaa vidogo vya kwenye ekstensheni pia zibeni, lakini mshono mzima ukivuja hiyo sio tenti tena.

Alafu feni. Hapa ndo utapeli wenyewe. Kwenye boksi imeandikwa mita za ujazo 400 kwa saa. Tenti ya ukubwa ule ina hewa kama mita za ujazo 2.9, na unataka hewa yote ibadilike kila dakika moja mpaka tatu, kwa hiyo feni halali ya inchi 4 ingetosha kabisa hata baada ya filta na bomba kupunguza nguvu. Alichotuma ni kile kifeni cha plastiki cha kusukumia hewa ndani ya bomba, ukikiacha wazi kinapuliza vizuri, ukikifunga kwenye filta kinazunguka tu hakivuti chochote. Kujaribu ni rahisi, funga tenti yote, washa feni, shika kipande cha tishu kwenye kile kidirisha cha chini cha kuingizia hewa, kinatakiwa kivutwe kwa ndani, na kuta za tenti zinyonyeke kidogo. Kwa wifi tishu ilining'inia tu. Matokeo yake ni kwamba unyevu unaotoka kwenye majani hauna pa kwenda, taa zikizimwa ubaridi unaingia, maji yanatiririka ukutani kwa ndani, ukungu wa kijivu unaanza kwenye maua, na nyumba za huku mnazijua zilivyo na mold hata bila tenti, mwenye nyumba akiona ukuta umekuwa mweusi deposit yako ndo hiyo.

Taa imeandikwa 1000W, nikaichomeka kwenye mita ya umeme, inakula 98W tu. Na kuna ile harufu kali ya plastiki ukifungua boksi, msiidharau, kuna plastiki laini za bei rahisi zinatoa kemikali inayofanya majani machanga yawe ya njano au meupe, na pasipo hewa ya kutosha ndo inazidi.

Kibaya zaidi kwangu ni plagi. Plagi halali ya Uingereza ile pini ndefu ya juu, ya ethi, ni chuma tupu mpaka chini (au plastiki tupu kwa vifaa visivyohitaji ethi), haivalishwi ganda la plastiki. Hii ilikuwa na plastiki nyeusi kwenye pini zote tatu, na nilipoifungua ndani hakuna fyuzi. Kitu kinachowaka masaa 12 kila siku, karibu na maji, chumba wanacholala watoto. Kama unayo, chomoa leo.

Mbinu zake ziko hivi: picha ni za kampuni nyingine kazikata pembeni kuficha nembo, hakubali kadi, anataka umtumie benki au PayPal kwa ile njia ya ndugu na marafiki ambayo haina ulinzi wa mnunuzi. Ukilalamika anakuambia umefunga vibaya, kisha subiri wiki ijayo, kisha ongeza pauni 40 akutumie "feni ya turbo", mwisho anakublock. Anavuta muda makusudi ili siku 14 za kurudisha mzigo zipite, na anadai yeye ni mtu binafsi sio biashara. Asiwadanganye. Mtu anayeuza seti hizo kila wiki ni mfanyabiashara kisheria, na mfanyabiashara wa mtandaoni asipokueleza haki yako ya kughairi, muda huo unaweza kurefuka mpaka miezi 12 zaidi. Na bidhaa mbovu una siku 30 za kuikataa na kudai hela yako yote.

Mliolipa, piga picha mshono, plagi na lebo za feni na taa, hifadhi chati zote kabla hajafuta, mwandikie kwa maandishi kwamba unarudisha. Ripoti benki yako siku hiyo hiyo. Kisha pigia Citizens Advice, wao ndo wanapeleka kwa Trading Standards (idara ya halmashauri inayosimamia haki za wanunuzi), walioko Scotland ni Advice Direct Scotland. Anayetaka kununua kwa mtu mwingine lipia kwa credit card, kitu cha zaidi ya pauni 100 kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji, na mwombe kwanza video ya tenti imefungwa, mtu yuko ndani, taa za nje zinawaka.

Tumeshapatikana kadhaa tuliouziwa na mtu huyo huyo, wenye risiti au screenshot za malipo nitumieni inbox tupeleke malalamiko kwa pamoja.