Bafle za sinema ya nyumbani kwenye ukuta wa mawe ya volkano: uzoefu wangu Goma

Nianze na jibu, maana wengi ndilo mnalolitafuta: kama nyumba yako iko Goma na unataka bafle zako, yaani spika, zikae ukutani, mlipe fundi anayejua mawe ya volkano, na usitegemee vile vyuma vya kutundikia vinavyokuja ndani ya katoni. Kazi ya fundi imeniridhisha kwa sehemu kubwa. Vyuma vya katoni havijaniridhisha hata kidogo.

Tunakaa Himbi, mtaa mmoja wa hapa Goma. Ukuta wa mbele wa sebule, wenye televisheni, ni wa mawe na saruji. Ule wa nyuma ni wa mbao, kwa kuwa upande huo uliongezwa baadaye. Nyumba za hivi ziko tele mjini kwetu. Seti yangu ni ya 5.1, yaani bafle mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za pembeni na ile kubwa ya besi, ambayo hukaa sakafuni. Za mbele zina karibu kilo 4 kila moja, na ndizo zilizoninyima raha. Watoto hucheza chini yake, na ardhi ya hapa inatikisika. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa na kuta za watu zikapasuka. Tangu hapo siwezi kutundika kitu kizito juu ya kichwa cha mtoto bila kuuliza kimeshikwa na nini.

Fundi nilielekezwa na jirani. Kabla ya kutoa mashine yoyote alipitisha kiganja ukutani, kisha akaanza kugonga polepole kwa mpini wa bisibisi huku ameinamisha sikio, na kila aliposikia mlio mkavu akachora msalaba kwa penseli.

“Papa, mbona usitoboe pale mimi nilipoweka alama yangu?” nikamuuliza.

“Hapo ni saruji tupu kati ya mawe mawili, mama. Leo itashika, lakini siku ardhi ikitikisika bafle itakuwa chini.”

Jiwe la volkano ni gumu, ila ndani limejaa vitundu vilivyoachwa na gesi wakati lava ikipoa. Ncha ya perseze, ile mashine ya kutobolea, inahangaika, inahangaika, halafu ghafla inadumbukia kwenye uwazi na tundu linapanuka kuliko ulivyotaka. Alinionyesha moja lililotokea hivyo. Aliingiza cheviye, yale mabomba madogo ya plastiki yanayobana skrubu, akaanza kukaza. Skrubu ikazunguka na cheviye ikazunguka nayo, bila kukaza chochote. Akaichomoa, akaziba tundu kwa saruji, akahamia kwingine. Tena alitumia perseze ile inayogonga huku ikizunguka. Ya kawaida ingekesha pale.

Sasa kuhusu vyuma vya katoni. Kila kimoja kina matundu mawili ya skrubu yaliyokaribiana sana. Kwenye ukuta laini wa zege sioni tatizo, lakini kwenye mawe yetu matundu yote mawili yanaweza kuangukia kwenye uwazi mmoja, na uzito wote ukabaki unaning’inia kwenye plastiki. Fundi alikataa kuvifunga moja kwa moja. Badala yake alichukua kipande cha mbao ngumu, nene karibu sentimita 3, akakifunga ukutani kwa skrubu ndefu palipokuwa na ile misalaba ya penseli, kisha chuma cha bafle akakifunga kwenye ubao. Ubao tukaupaka rangi ya ukuta.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mtu akifunga moja kwa moja, jiwe ndilo linaloamua bafle ikae wapi. Ukiweka ubao kwanza, unashika jiwe popote lilipo zima, halafu unaisogeza bafle kushoto, kulia, juu au chini kadiri masikio yako yanavyotaka. Na mahali pa bafle si suala la mapambo. Zile mbili za mbele zinatakiwa kufanya pembe ya kama digrii 30 kila upande ukipima kutoka unapokaa, yaani umbali kati ya bafle na bafle uwe karibu sawa na umbali wa kila bafle hadi kwenye kiti chako. Spika ndogo ya sauti nyembamba ielekee usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Nimeingia sebule nyingi hapa mjini ambako bafle zimebanwa chini kabisa ya dari ili watoto wasizifikie. Nawaelewa wazazi hao, lakini maneno ya filamu yanapita juu ya vichwa vya watu. Kwetu zimewekwa juu kidogo ya sikio na kuinamishwa chini, na watoto hawazifikii.

Angalia pia mgongo wa bafle kabla ya kununua chuma. Zangu zina tundu la hewa kwa nyuma, na tundu hilo likizibwa na ukuta besi inavimba na kufunika sauti nyingine. Ubao pamoja na chuma vimeiacha nafasi ya kupumua. Kama unanunua leo, tafuta zenye tundu mbele; ukutani hazisumbui.

Bafle za pembeni, zinazokaa kando na nyuma kidogo ya wasikilizaji, zilikwenda kwenye upande wa mbao, na kazi ilikuwa fupi. Jambo moja tu ni la lazima: skrubu iingie kwenye nguzo ya ndani. Ubao wa ukuta wenyewe ni mwembamba, unatetemeka na kulia pamoja na besi. Fundi alikata vipande vya mpira kutoka tyubu ya zamani ya gari, akaviweka kati ya chuma na ukuta. Mlio ulikwisha. Sauti kwenda kwa jirani haikuisha, na kwa nyumba ya mbao hilo ni la adabu kuliko ufundi: usiku tunapunguza.

Kisichonifurahisha ni nyaya. Alizipitisha sambamba na waya wa umeme, zikigusana, na bafle moja ya mbele akaiunga nyekundu kwenye nyeusi. Bafle ikiunganishwa kinyume hailali kimya, ndiyo maana watu wengi hawagundui. Besi inakonda tu na sauti ya katikati inakosa pa kukaa. Nilimpigia simu, akarudi, akarekebisha yote mawili bila kudai nyongeza. Waya tulionunua Birere ni wa milimita 1.5 za mraba, unatosha kabisa kwa sebule.

Nililipa dola 35 za kazi, mbao na skrubu nikanunua mwenyewe. Niliongeza ombi moja ambalo nawahimiza wote wa mji huu mliombe: waya mwembamba wa chuma kutoka mgongoni mwa kila bafle hadi kwenye kulabu yake yenyewe, iliyofungwa kwenye jiwe jingine. Chuma kikiachia, bafle inaning’inia, haimfikii mtu. Funika televisheni na viti kabla hajaanza kutoboa, na watoto wakae nje, kwa kuwa vumbi la mawe haya linawasha macho na kifua. Bafle ya katikati tumeiacha mezani chini ya televisheni, imeinuliwa mbele kidogo ielekee usoni, na sina mpango wa kuipandisha.