Uzoefu wangu: kijitabu cha Nairobi ya saibapanki, na jedwali la anwani lililonichemsha

Ni PDF ya mchezo wa mezani wa kuigiza udukuzi, Nairobi ya miaka mingi ijayo, unalipa kwa M-Pesa na kiungo kinakuja kwa barua pepe. Idadi ya kurasa na picha utaziona kwenye tangazo lao. Mimi nina neno na sura moja tu, ile ya anwani za mtandao (IP), yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, kwa sababu ndiyo wanayoitangazia kijitabu, na ndiyo iliyovunja mchezo majuzi.

Jedwali linaagiza hivi: rusha dadu tatu za pande kumi kwa kila fungu, mafungu manne, tia nukta katikati. Seva ya hospitali ya Upper Hill ikatoka 312.47.990.8. Mezani alikuwepo jamaa ambaye kazi yake ni kufunga ruta. Aliitazama ile namba, akaweka kalamu chini. Kila fungu la anwani ya IP ya aina hiyo ni biti nane, linaanzia 0 na kuishia 255, na imekuwa hivyo tangu 1981. Dadu tatu za pande kumi zinatoa 000 hadi 999. Kwa fungu moja una nafasi 256 kati ya 1000 za kupata namba inayokubalika. Kwa mafungu yote manne pamoja, unabaki na anwani kama nne nzuri katika kila elfu. Jedwali limeundwa likosee karibu kila linapotumika, na aliyeliuza hakulijaribu hata jioni moja.

Na dawa ipo kwenye mfuko wa dadu wa kila mchezaji. Chukua ya pande nne na ya pande nane. Rusha ya pande nne mara moja, toa moja, zidisha kwa 64. Rusha ya pande nane, toa moja, zidisha kwa 8. Irushe tena, toa moja, kisha jumlisha zote tatu. Ukipata 3, 6 na 2, hiyo ni 128 na 40 na 1, yaani 169. Huwezi kushuka chini ya 0 wala kupita 255, na kila namba ina nafasi sawa na mwenzake. Maelezo haya yanaenea mistari minne ya ukurasa.

Niliwaandikia wauzaji hivyo hivyo, kwa adabu, na mfano juu. Jibu: "Boss, huu ni mchezo tu, nani atakaa kuhesabu?"

Wachezaji wa michezo ya udukuzi ndio watakaa kuhesabu! Hiyo ndiyo raha waliyoilipia. Mtu anayekuja kuigiza mdukuzi anataka kuitazama anwani na kusoma kitu: iko wapi, ni ya nani, jirani yake ni nani. Ukimpa tarakimu zisizosomeka umempokonya chombo chake cha kazi, na hapo hata ushinde dadu namna gani, unacheza bahati nasibu.

Afadhali jedwali, maana programu ya simu inayokuja na kijitabu ni balaa zaidi. Ina kitufe kinaitwa Jirani. Wachezaji walikuwa wameipata kamera ya mlango wa maabara Upper Hill, wakataka kujua nini kingine kiko kwenye mtandao ule ule. Tukabonyeza. Jirani wa kwanza akatokea Kisumu. Wa pili, bandarini Mombasa. Programu inachota namba popote, kisha inabandika jina la mji bila kuangalia lile fungu la mbele. Mtandao wa kweli haugawanywi hivyo. Kampuni kubwa hupewa kipande kizima cha anwani zinazofuatana, mara nyingi 256 au zaidi, kwa hiyo ukiijua moja umeshajua pa kupekua. Ni kama vyumba vya ploti Kayole: ukishasimama mlango wa tano, wa sita huutafuti mtaa mwingine. Kamera ikiwa .20, printa itakuwa .21, na kisanduku cha lifti ambacho hakuna aliyebadilisha nywila yake kitakuwa .35. Hapo ndipo udukuzi unapoanzia, na kitufe hiki kimeufuta.

Kama mwendesha mchezo hataki IP za leo kwa sababu hadithi iko mbele sana, basi abuni umbo lake, ila liwe na mpangilio. Mimi ningetumia hili: mtaa, mwenye mtandao, kifaa, tarakimu ya ukaguzi. Mfano UPH-41-0726-3. Ile 3 ya mwisho haikuokotwa. Chukua tarakimu sita za katikati, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, hivyo hivyo hadi ya sita kwa 6, jumlisha, gawanya kwa 11, andika baki. Hapa jumla ni 80, baki ni 3. Baki ikiwa 10 andika X, kama ilivyokuwa kwenye namba za vitabu (ISBN) za zamani zenye tarakimu kumi. Kifaa kinachofuata ni UPH-41-0727-9. Mtu akikosea ile ya kwanza na kugeuza 7 na 2, akaandika 0276, baki inakuwa 8 na uongo unaonekana papo hapo. Sasa mchezaji anayeuziwa anwani feki huko River Road ana njia ya kuikamata kwa kalamu na karatasi, bila kumwomba mwendesha mchezo ruhusa ya kurusha dadu.

Niseme la haki: ramani ya mji ni nzuri mno. Aliyeichora anaijua Nairobi. Industrial Area, Gikomba na Westlands zimekaa panapostahili, na wazo la kuifanya KIXP, kituo cha kubadilishana data kilichoanza hapa mwaka 2000, kuwa ngome inayogombaniwa na magenge ni la akili sana. Kwa ramani peke yake nilikuwa nimeshaandika nyota tatu, na nikawa tayari kusema nunua, ruka sura ya anwani.

Kisha nikaipitia tena orodha ya "seva za maadui" mwishoni, na nyota zikashuka. Kampuni ya Westlands inavamiwa kutoka Mombasa moja kwa moja kupitia 192.168.1.1. Hiyo ni anwani ya ndani, ruta nyingi za nyumbani zinaitumia, na haipiti kwenye intaneti. Mvamizi lazima kwanza aingie ndani. Wangejua hilo wangepata kisa kizima cha bure: nani atabeba kifaa hadi ndani ya jengo? Vivyo hivyo kipande cha 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, kilichotengwa mwaka 2012 ili watoa huduma wawaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ufuatiliaji unafika kwenye lango la Eastlands na kugota hapo, maelfu ya watu nyuma yake, na wachezaji inabidi washuke mtaani kuuliza. Kijitabu hakina habari. Kwenye anwani ndefu za toleo jipya, IPv6, wametia herufi K, wakati herufi zinaishia F, na wameweka nukta pacha mbili mfululizo (::), alama ya kufupisha sifuri, mara mbili katika anwani moja, jambo lisiloruhusiwa kwa sababu kompyuta haitajua sifuri ngapi ziende wapi.

Lakini lililonikasirisha kuliko yote ni anwani zinazoanza na 41 na 196 walizowapa magenge. Hizo ni za kweli, zinagawiwa Afrika na AFRINIC, shirika la kugawa anwani za mtandao barani, kuna mtu au ofisi nyuma yake leo. Mezani kila mtu ana simu. Mmoja ataichapa aone kitatokea nini. Anwani za mifano zimetengwa makusudi: 192.0.2, 198.51.100 na 203.0.113, kila moja ina nafasi 256, na kwa IPv6 chochote kinachoanza na 2001:db8. Andika 2001:db8:254:41::726 na unabaki na Kenya, kampuni na kifaa, bila kumgusa mtu yeyote.

Kwa sasa nimewapa nyota moja, ya ramani. Hili la 41 na 196 nimewaandikia pia. Wakitoa faili mpya isiyo na orodha ile, nitarudisha zile mbili hata kama jedwali la dadu litabaki bovu, kwa sababu jedwali mtu anaweza kulirekebisha mwenyewe nyumbani. Wewe uliyekwisha kununua, futa ukurasa wa maadui kabla ya kumtumia mchezaji yeyote hiyo PDF.