Tailscale na kompyuta kuukuu ya XP: nimeitumia zaidi ya mwaka, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, naandika hii kwa ajili ya yule mwenye kompyuta ya Windows XP iliyo mbali naye na haiwezi kutolewa pale ilipo. Yangu inaendesha mashine ya kukata chuma karakana, programu yake inakubali XP tu, na kadi inayoongoza mashine imechomekwa humo ndani kwenye sloti ya PCI, kwa hiyo ukibadilisha kompyuta umebadilisha mashine nzima. Ushauri wa "si ununue mpya" nimeshausikia sana, naomba leo tuuweke pembeni.

Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo. Michoro ninayoandaa kwenye laptopu iingie kwenye ile XP, na logi za siku zitoke kule zije kwangu. Miaka yote tulikuwa tunatumia flashi, yaani fundi anakuja kuichukua, anarudi nayo, kumbe faili lilikuwa la toleo la juzi, anapiga simu, tunaanza upya. Na flashi ikishapita kwenye kompyuta tatu nne hujui imebeba nini.

Kitu ambacho sikutaka kabisa ni kufungua poti 21 kwenye rauta ili FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, ionekane intaneti. FTP kanuni zake tunazotumia mpaka leo ziliandikwa 1985, pasiwedi inapita wazi wazi na yeyote aliye njiani anaisoma. Kushea folda kwa njia ya Windows ndo mbaya zaidi maana XP inajua SMB (lugha ya Windows ya kushea mafaili) toleo la 1 tu, na hapo hapo ndo virusi vya WannaCry vilipopita Mei 2017, mpaka Microsoft wakalazimika kutoa kiraka cha XP wakati walishaacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Ukiona kampuni inarudi kutibu kitu ilichokizika miaka mitatu nyuma, ujue hali ilikuwa mbaya.

Sasa Tailscale. Kwa asiyeijua, ni huduma ya mtandao binafsi, unaweka programu kwenye vifaa vyako, unaingia na akaunti yako, na vyote vinaonana kama viko chumba kimoja hata kama kimoja kiko upande wa pili wa dunia. Ndani yake inatumia WireGuard kufunga data kwa siri, ile ile iliyoingizwa kwenye Linux 5.6 mwaka 2020. Kila kifaa kinapewa aipi inayoanza na 100, na hugusi rauta wala hufungui poti yoyote. Kwa matumizi binafsi ni bure na mi bado niko kwenye hiyo ya bure.

Tatizo la kwanza utaliona siku ile ile: haiingii kwenye XP. Matoleo ya sasa yanataka Windows 10 kwenda juu, hata Windows 7 ilishaachwa. Watu wengi wanakata tamaa hapo, na mi naona hapo ndo uzuri unapoanzia, maana XP haitakiwi kabisa kuongea na dunia. Unachofanya ni kuiwekea jirani. Nilichukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kiganja inayotumia Linux, nikaweka Tailscale humo, waya mmoja wa netiweki unatoka kwenye Pi unaingia moja kwa moja kwenye XP, na Pi yenyewe inapata intaneti kwa Wi-Fi. XP haina njia nyingine ya kutoka zaidi ya ule waya.

Njia ya kwanza niliyotumia ni ile ya Pi kutangaza mtandao mdogo ulio nyuma yake. Unaandika kamandi ya advertise-routes na anwani za kule, unawasha ip forwarding (ruhusa ya kupitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine) kwenye Linux, unaingia kwenye ukurasa wa usimamizi unaidhinisha, basi. Laptopu ikiwa nayo ni Linux kumbuka kuiambia ikubali hizo njia kwa accept-routes, la sivyo utakaa saa nzima unajiuliza. Kilichonifurahisha ni kwamba Pi inapopeleka ombi lako kule inajibadilishia anwani, XP inaona kama anayeongea naye ni Pi, jirani yake wa waya mmoja. Maana yake huhitaji kuiwekea XP geti la kutokea (gateway), yaani anwani ya njia ya kwenda nje. Geti ukiliacha tupu, XP haiwezi kwenda intaneti hata ikitaka, lakini wewe unaifikia. Nilipoelewa hilo nilitulia kabisa moyoni, maana ndo kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Hapo nikawasha seva ya FTP kwenye XP na kuingia humo kwa WinSCP, programu ya kuhamisha mafaili. Angalizo moja, weka modi ya pasivu (passive). Ile aktivu ya zamani inaitaka seva ndo ikurudie wewe kukuletea data, na XP isiyo na geti itakurudia kwa njia gani? Orodha ya folda inakaa inazunguka mpaka inakata. Ukiweka pasivu wewe ndo unaenda mara zote mbili na inakubali, ila ufungue na zile poti za data kwenye ukuta (firewall) wa XP.

Ikaenda vizuri wiki kadhaa, halafu likaja la bakapu. Nilimwomba fundi anitumie folda nzima ya mipangilio ya mashine, akaizipu, akafungua lile dirisha jeusi akaandika ftp kama nilivyomwelekeza, faili likaja kwenye Pi bila kelele. Nikalifungua, limeharibika. Akatuma tena, limeharibika tena. Tukakaa kwenye simu kila mtu anasoma ukubwa wa faili lake, baiti kwa baiti, langu likawa dogo kuliko la kwake kwa baiti mia kadhaa. Ile kamandi ya ftp ya Windows inaanza na modi ya maandishi, kwa hiyo njiani kila panapofanana na mwisho wa mstari wa Windows kuna herufi moja inaondolewa, kwenye barua haina neno ila kwenye zipu ni kifo. Dawa ni neno moja, binary, unaliandika kabla ya put. Alipoliandika, mara ya tatu namba zikalingana na akasema "haya fungua sasa kaka", likafunguka. Kosa ni langu, sikumwambia, na bakapu ile ingekuja kuhitajika siku mashine imekufa ndo tungejua ni takataka.

Tukio hilo ndo lilinihamisha kwenda njia ya pili ambayo natumia mpaka sasa, na kama unaanza leo anzia hapa moja kwa moja. Niliweka Samba, programu inayoiwezesha Linux kushea folda kwa njia ya Windows, kwenye Pi na folda moja ya kushea, XP inaiona kama draivu Z. Fundi hahitaji kujua FTP ni nini, anafungua Z, anakopi, anapesti. Mi kwa upande wangu naingia kwenye hiyo hiyo folda kwa SFTP, njia ya kuhamisha mafaili iliyofungwa kwa siri, kupitia Tailscale. Kwa hiyo lugha ya zamani inaongewa kwenye waya wa mita mbili tu, na safari ndefu yote inapita kwa njia ya kisasa iliyofungwa. Samba tangu toleo la 4.11 la 2019 imezima SMB 1, kwa hiyo inabidi uiruhusu mwenyewe kwa kuandika server min protocol NT1, na uruhusu na ule uthibitisho wa zamani wa pasiwedi kwa ntlm auth. Tafadhali sana, ifungie Samba kwenye ule waya wa XP peke yake, isisikilize Wi-Fi wala Tailscale. Ukisahau hilo umerudisha shimo lile lile tulilokuwa tunalikimbia. Na ukishahamia huku ile njia ya kutangaza mtandao izime, haina kazi tena.

Spidi? Kadi ya netiweki ya ile XP ni ya megabiti 100, kwa hiyo hata mbingu zikifunguka haitazidi megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, na michoro yangu ni kilobaiti mia mbili tatu, inafika kabla sijashusha mkono. Kwenye mafaili makubwa angalia tailscale status, kama imeandika direct uko vizuri, kama imeandika relay ujue data inapita kwenye seva zao za kati maana vifaa havijaweza kuonana moja kwa moja, bado ni salama ila itakuwa taratibu. Na kama diski ya kule imepangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 usijaribu faili la giga 4 kwenda juu, haliingii.

Nisichokipenda ni kwamba kila kitu kinaegemea akaunti. Unaingia kwa Google au Microsoft au GitHub na wenzao, na seva inayotambulisha vifaa vyako ni ya kampuni. Mafaili hawayaoni, funguo za siri zinabaki kwenye vifaa vyako, lakini akaunti hiyo ikipotea umepoteza mlango, kwa hiyo iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo leo. Asiyetaka kabisa utegemezi huo kuna Headscale, unajiendeshea seva hiyo mwenyewe, ila ujue umejiongezea kazi.

Lingine ambalo watu hawalisomi: funguo za kila kifaa kwa kawaida zinaisha baada ya siku 180, na kifaa kinatoka kwenye mtandao mpaka mtu aingie upya. Kwa laptopu sawa, uko nayo mkononi. Kwa Pi iliyo nyuma ya mashine ya chuma mbali huko ni balaa, kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, chagua ile Pi, zima kuisha kwa funguo. Halafu weka sheria kwamba ni laptopu yako tu inayoruhusiwa kuifikia, sio kila kifaa utakachokuja kuongeza baadaye.

Mimi naipa nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya akaunti.

Ah, na kadi ya memori ya Pi, hizo zinakufa bila taarifa. Mi nimeichukulia nakala kadi nzima kwenye kadi ya pili, nikaifunga kwenye bahasha imeandikwa Z kwa maka peni, iko kwenye droo ya fundi. Siku ikifa anachomoa, anachomeka, anawasha.