Polishi, waksi au silanti? Cha kununua kwa pikapu inayolala nje pwani

Pikapu yangu ni Hilux dabo kebini ya rangi ya fedha. Inalala nje mwaka mzima hapa Tanga, karibu na bahari, chini ya mwembe ambao sijapata moyo wa kuukata. Usiku inapokea chumvi ya upepo, alfajiri mavi ya kunguru, mchana jua na utomvu. Nimeipaka karibu kila kinachouzwa madukani, na huu ndio mpangilio wangu kwa anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani.

Kwanza tuelewane maneno, maana hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Polishi na kompaundi, ambayo ni polishi kali zaidi, zinachonga. Waksi na silanti zinafunika. Ukinunua waksi ili uondoe mikwaruzo, itaificha kwa muda tu, kisha mvua itaifichua. Polishi ndiyo inayoiondoa, lakini inaiondoa kwa kula klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Karatasi ya kuandikia ni nene kuliko hiyo. Ukiimaliza hairudi mpaka gari lipuliziwe upya.

Nililipa gharama ya somo hilo. Nilimpa fundi mmoja boneti aipige kompaundi kwa mashine ya kuzunguka tu, ile iliyo kama grenda. Katikati pakang'aa kama kioo. Kwenye ule mkunjo wa ukingo, ambako klia huwa nyembamba zaidi, pakabaki mstari wa kijivu wa praima, ile rangi ya msingi ya chini, upana wa kidole. Kwa hiyo nyumbani nunua mashine inayozunguka huku ikiyumba, na pedi laini ya sponji, na polishi ya kumalizia, siyo kompaundi ya kukata. Kingo zote zizibe kwa maskingi tepu. Plastiki nyeusi za juu ya matairi nazo uzifunike, polishi ikikauka pale huacha weupe unaosumbua kutoka.

Mwenye pikapu nyeupe ya zamani afanye jaribio dogo. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheusi, sugua pembeni mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na weupe wa rangi yenyewe, gari lako halina klia. Rangi hiyo inapigika polishi vizuri sana, ila kila unaposugua unaondoa rangi, basi usugue kwa kiasi.

Kabla ya chupa yoyote ya kung'arisha, nunua shampoo ya gari, ndoo mbili, na vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita. Sabuni ya unga ya kufulia inachuna waksi. Halafu kuna suala la maji. Huku pwani wengi tunaosha kwa maji ya kisima, nayo yana chumvi na chokaa. Ukiyaacha yakauke juani yanaacha vile viduara vyeupe, na kadiri vinavyokaa ndivyo vinavyoila klia. Osha jioni, suuza kwa maji ya mvua au ya bomba kama unayo, kausha papo hapo. Viduara vilivyokwisha kushika vijaribu kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika moja tu, suuza.

Kisha vaa mfuko laini wa mkate mkononi, upapase boneti iliyooshwa. Ukihisi chengachenga kama mchanga, unahitaji udongo maalumu wa kusafishia rangi, pamoja na maji ya shampoo ya kuutelezesha. Kipande kikianguka chini kitupe hata kama inakuuma, kimeshabeba mchanga.

Sasa vifunikio. Namba moja kwangu ni silanti ya sintetiki ya majimaji. Kwenye lebo tafuta neno sealant au polymer. Inavumilia jua kuliko nta, na kwangu inafika miezi minne hadi mitano. Unapaka nyembamba sana, kipande kwa kipande kivulini, unaiacha ikauke, unafuta. Chupa ya mililita 473 inanipitisha zaidi ya mwaka, pamoja na paa na milango ya bodi.

Ya pili ni seramiki ya kupulizia, kifunikio chenye silika. Ni nyepesi kupaka kuliko zote, na mimi huitumia juu ya silanti kila baada ya miosho kadhaa. Peke yake nimeona haidumu masika yote. Ukimwaga nyingi inaacha michirizi, hasa kwenye rangi nyeusi.

Ya tatu ni waksi ya bati, yenye nta ya karnauba, ambayo hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Hakuna inayoipa rangi nyekundu au nyeusi kina kama hii, na ninaipenda kwa gari la harusi. Lakini kwa pikapu inayolala nje, wiki sita ikidumu umebahatika. Zipo zilizochanganywa na polima, kama Collinite 845 ya majimaji, nazo zinadumu zaidi. Ukiipata ya kweli, ipandishe hadi nafasi ya pili.

Ya nne ni ile ya mbili kwa moja, inayochonga kidogo huku ikifunika. Ni ya rangi iliyochoka ambayo mwenye gari anataka tu ionekane nadhifu. Usiitumie kila mwezi, kwa kuwa kila mwezi unakula klia.

Ya mwisho, kwa kazi ya nyumbani, ni seramiki ya kichupa iliyoandikwa 9H. Si kwamba ni mbaya. Hiyo 9H ni kipimo cha ugumu wa penseli, haizuii mkwaruzo wa tawi. Na inataka chumba kisicho na vumbi, rangi iliyopigwa polishi kikamilifu, kisha isiguswe na maji kwa siku nzima au zaidi. Ukichelewa kuifuta inaganda, na kuitoa ni kurudi kwenye mashine. Chini ya mwembe haiwezekani.

Dizeli usipake. Inang'aa kwa muda wa saa mbili kisha inanasa vumbi.

Kujua lini urudie, mwaga kikombe cha maji kwenye boneti safi. Yakijikunja vidonge na kukimbia kama juu ya jani la myugwa, silanti ipo. Yakilala bapa, toa chupa. Kwangu paa ndilo hutangulia kuchoka, milango ikiwa bado inakimbiza maji, kwa hiyo paa na boneti ninazipaka mara mbili kwa kila mara moja ya ubavu.