Kidude cha Kuhamisha Kanda za Video: Picha Ipo, Sauti Imekwenda Wapi?

Haya wapendwa, karibuni tena, na wageni bonyezeni hapo chini mjiunge, maana leo nina jambo limenikaa rohoni. Mnakiona hiki? Kidude cha kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye kompyuta, nimekinunua Kariakoo shilingi 35,000. Sifa zake sizisomi, ziko kwenye boksi: waya wa njano picha, mweupe na mwekundu sauti, huku USB, basi. Picha inatoka vizuri tu. Leo nimekuja kwa ajili ya sauti.

Juzi nilihamisha kanda ya harusi ya shangazi yangu, Tanga, 1995. Saa mbili nzima deki inazunguka. Nikachoma DVD tano, nikawagawia ndugu. Jioni mama ananipigia: "Mwanangu, mbona bibi anaongea lakini hasikiki?" Naweka ya kwangu. Bibi amesimama na kanga zake, anamuusia bi harusi, mdomo unacheza, na kinachosikika ni feni. Feni yangu, ya chumbani humu! Na pikipiki inapita nje. Bibi hatunaye tena, na sauti yake iko kwenye kanda hiyo peke yake. Iliniuma sana.

Sasa angalieni kioo, nawasogezea. Hii ni OBS, programu ya bure ya kurekodi video. Kanda inacheza, ngoma inapigwa pale, watu wanarusha mikono. Tazameni mstari wa sauti hapa chini: umelala. Nitulie kidogo... umelala kabisa. Sasa napiga makofi. Pa! Mmeuona? Umeruka mpaka kwenye nyekundu. Narudia, pa! Basi programu inasikiliza maikrofoni ya laptopu, deki haiisikilizi kabisa. Na hapa ndipo kidude hiki kinaponiudhi: kompyuta inakiona kama vitu viwili, kimoja cha picha, kingine cha sauti, na hicho cha sauti kinahesabiwa kuwa ni maikrofoni. Ukichagua picha, sauti haiji yenyewe. Karatasi ya maelezo haijagusa jambo hilo hata kwa neno moja!

Kwa hiyo nafungua mipangilio ya kile chanzo cha picha, nashuka mpaka chini kabisa, naweka alama kwenye kutumia kifaa kingine cha sauti, nachagua chenye jina la USB. Subirini... Haya! Mstari unacheza na ngoma. Napiga makofi, pa, hauniitikii. Hapo ndipo ninapotaka mfike. Na ile maikrofoni ya laptopu, izimeni kabisa.

Usipoisikia kwenye spika usiogope, OBS kwa kawaida inarekodi bila kukupigia. Rekodi dakika moja, fungua, sikiliza. Dakika moja tu! Ningefanya hivyo nisingepoteza DVD tano. Na kama mstari umelala hata baada ya kuchagua, nenda kwenye faragha ya Windows, upande wa maikrofoni. Ukiwa umezizuia programu zisiitumie, na sauti ya kanda imezuiwa humo humo.

Mtaniuliza kuhusu kidude cha kampuni ya Elgato, cha kazi hii hii. Ni nzuri, inakuja na programu yake, ila bei yake ni mara kadhaa ya hii. Kwa kanda nne tano za nyumbani, mimi nisingeitoa pesa hiyo. Wekeni pesa kwenye deki. Kampuni ya Funai waliacha kuzitengeneza 2016, nao ndio walikuwa wamebaki, kwa hiyo zilizopo sasa ni za zamani tu, na wauzaji wameshajua. Kama mzee ana deki kabatini, msiiuze. Huku Bara vituo vya televisheni tumevipata 1994, kabla ya hapo deki ndiyo ilikuwa televisheni ya nyumba.

Deki yenye tundu moja tu la sauti ni ya mono, yaani sauti ya njia moja. Chomeka waya mweupe, sauti itatoka upande mmoja, kisha uifanye mono kwenye programu isikike pande zote.

Sasa wale wenye tatizo la pili: kwenye laptopu inasikika, ukiweka DVD sebuleni, kimya. Hapo deki yako haina kosa. Sauti huhifadhiwa kwa miundo tofauti: OBS kwa kawaida inarekodi muundo wa AAC, na DVD ya video haiitambui AAC, wala MP3. Inataka AC-3 au PCM, kwa hertzi 48,000. Kwenye programu ya kutengenezea DVD, mimi natumia DVDStyler, msiiache sauti kwenye kunakili kama ilivyo. Chagueni AC-3. Kuna na MP2, inakubalika kwenye mashine nyingi za huku kwetu za PAL, yaani mfumo wetu wa televisheni, lakini shangazi yuko Marekani, na mashine za kule hazilazimiki kuisoma. Kwa hiyo natumia AC-3, naye asikie.

Alhamisi nafungua deki hapa hapa, tusafishe kichwa cha sauti kwa spiriti, kile kidogo kilichosimama pembeni ya ngoma kubwa inayozunguka. Waliouliza kuhusu kanda zilizoota ukungu, msizitie kwenye deki kabla ya hiyo video, zitawachafulia na hizo nyingine. Mimi sasa hivi narudisha kanda ya harusi mwanzo, naianza upya.